Nyumba Juu ya Ardhi ya Mtu

Bwana Hamdun alimwajiri Samiha kwa sababu ya buibui lake, na hakumficha. Nyumba nyingi za Kisauni zilikuwa za wanawake: wajane, walioachwa, waliorithi kwa mama zao. Wanawake hao hawakukaa chumba kimoja na dalali mwanamume, hata awe na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Dalali mwanamke angepita mlango wa nyuma, akaketi uani juu ya mkeka, akapewa kahawa, na kabla kikombe hakijapoa angekuwa ameelezwa mambo ambayo mume wa nyumba hajawahi kuyasikia.

"Utaingia nisikoingia mimi," Bwana Hamdun alimwambia. "Kwa hivyo itakubidi uwe mwaminifu kunishinda."

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, upande wa bara wa daraja la kuelea la Nyali. Alikuwa amesomea kazi ya ardhi ng'ambo, akarudi na wazo lililowachekesha watu barazani: kwamba udalali ni taaluma kama udaktari, una miiko yake, na asiyeishika miiko hiyo afukuzwe. Mjini, dalali alijulikana kuwa mtu wa kukuuzia kaburi la babako huku umesimama juu yake. Bwana Hamdun alitaka sifa hiyo ife. Yeye na wenzake wachache walikuwa wameunda chama, chama kilikuwa na kiapo, na kabla ya kuapa mtu alifunzwa. Kila Jumamosi, ofisi ikishafungwa, aliwafunza Samiha na Nguma, kijana wa Likoni aliyekuwa akipima viwanja.

"Siri ya mteja ni nini?"

"Amana," Nguma alijibu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mauzo yaishe."

"Mpaka wewe uishe. Kazi unaweza kuiacha. Siri huiachi."

"Hata mke asiambiwe?"

"Hata mke."

"Basi mimi sioi, Bwana Hamdun. Wake wa Likoni humhoji mtu hata akiwa usingizini."

Bwana Hamdun alisubiri kicheko kiishe, kisha akaendelea. Aliwapa kisa cha dalali mmoja wa zamani aliyemtembeza mnunuzi nyumba nzima, na walipofika chumba cha nyuma akasimama na mgongo wake ukutani, akizungumza kwa furaha. Mnunuzi alilipa. Siku ya kuhamia akauona ufa ambao mgongo ule ulikuwa umeuziba, ufa wa kupitisha mkono.

"Alisema uongo?" aliuliza.

"Hakusema neno," alisema Nguma.

"Alisema uongo kwa mgongo wake," alisema Samiha, na Bwana Hamdun akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Samiha aliyapenda masomo hayo kuliko alivyopata kupenda lolote shuleni. Jioni aliyarudia nyumbani kwa shangazi yake, Bi Kuluthum, aliyemlea tangu mamake alipofariki na babake akaoa Lamu asirudi. Bi Kuluthum alichambua mchele akisikiliza.

"Dalali asifiche kasoro. Dalali asile pande zote mbili bila kusema. Dalali akiwa na jamaa yake ndani ya jambo, ataje siku ile ile."

"Hayo Mtume keshayasema," alisema Bi Kuluthum. "Huyo Hamdun ameyavusha bahari akayarudisha yamevaa tai."

Lakini alijivuna. Samiha alipoapa, mwanamke wa kwanza mbele ya chama, Bi Kuluthum alipika biriani akaipeleka nyumba hadi nyumba. Hakujua kwamba siku ile mwanachama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Haya, tumempa mwanamke siri. Tungojee tuisikie sokoni." Samiha alijua. Maneno hayo aliyabeba kama jiwe ndani ya kiatu.

Watu wa pande zile walijenga juu ya ardhi ya wengine. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, aghalabu tajiri wa mjini, na nyumba ilikuwa na mwenyewe mwengine, ambaye alilipa kodi ya kiwanja na kulala salama. Nyumba zilikuwa za boriti na udongo, zimeezekwa makuti. Mwenye ardhi akiitaka ardhi yake, mwenye nyumba alivunja, akachukua boriti zake, mlango wake na madirisha yake, akaenda kusimamisha kwengine. Ilikuwa taabu, lakini haikuwa kufilisika. Nyumba ya mawe ni jambo jengine. Mawe na chokaa vikishashikana havihamishiki. Ukiambiwa ondoka, unaondoka na ufunguo tu.

Bi Kuluthum alitaka nyumba ya mawe. Aliitaka tangu Samiha hajavunja ungo. Mwenye ardhi yake alikuwa Bwana Barakat, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Mji wa Kale, na mwaka uliopita, alipopita kuangalia mipaka yake, Bi Kuluthum alimwomba ruhusa mbele ya majirani. Bwana Barakat alisema, "Jenga, mamangu. Nani atakukataza?" Mbele ya watu, na mchana. Bi Kuluthum hakuona haja ya zaidi. Kuomba karatasi baada ya neno kama lile kungekuwa kumtukana.

Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na mbili. Barazani hapakuwa na maneno ila ya mwambao: utabaki wa Sultani, utajitenga, au utaingia Kenya uhuru ukija. Wenye ardhi hawakungoja jibu. Walikuwa wakiuza, na walikuwa wakiuza kimya.

Bwana Barakat alipanda ngazi za ofisi asubuhi moja baada ya mvua. Alikataa kahawa. Samiha aliitwa aandike maagizo yake, kwa kuwa mwandiko wake ndio uliokuwa mzuri.

"Nauza kipande chote cha Kisauni," alisema. "Kutoka barabarani mpaka kule kunakoelekea Ziwa la Ng'ombe. Mnunuzi ninaye, anataka kujenga nyumba za kifahari kama hizi za Nyali. Nyinyi nataka mtengeneze makubaliano na mpime."

"Na waliojenga juu yake?" aliuliza Bwana Hamdun.

"Watapewa notisi tukishatia saini. Kabla ya hapo sitaki neno. Wakisikia watakuja kulia mlangoni kwangu, wataingiza siasa, mnunuzi ataogopa. Hamdun, nimekuja kwako kwa sababu watu husema ofisi yako haivuji."

"Haivuji," alisema Bwana Hamdun.

Kalamu ya Samiha ilikuwa imesimama. Kipande kile alikijua kwa miguu. Alikuwa amecheza juu yake, ameanguka juu yake, ameaga maiti juu yake. Nyumba ya shangazi yake ilikuwa katikati.

Bwana Barakat hakuwa amemaliza kushuka ngazi Samiha alipofunga mlango wa chumba cha ndani.

"Nina maslahi katika jambo hili," alisema. "Shangazi yangu ana nyumba pale. Nakaa ndani yake."

Bwana Hamdun alivua miwani. Uso wake ulichangamka.

"Unajua nimengoja miaka mingapi kumsikia mtu akilisema hilo bila kuulizwa?" alisema. "Vizuri. Vizuri sana. Tangu sasa umetoka katika jambo hili. Nguma atalishika. Nitamwarifu Bwana Barakat leo leo."

"Na shangazi?"

"Shangazi yako vipi?"

"Anataka kujenga kwa mawe. Bwana Barakat alimruhusu."

"Alimwandikia?"

"Alimwambia, mbele ya watu."

"Ruhusa ya kujenga ni ahadi ya kutouza?"

Swali hilo Samiha alikuwa amelijibu vizuri Jumamosi moja, akasifiwa.

"Nimetoka katika kazi," alisema. "Kwa hivyo naweza..."

"Umetoka katika kazi. Siri uliipata ukiwa kazini." Sasa sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Mwanangu, najua ninachokutaka. Nikuambie litakalowezekana. Nitamwomba Bwana Barakat ruhusa umwambie mtu mmoja tu, huyo shangazi yako. Akikubali, utakwenda kwa mguu mweupe, bila kuvunja kiapo."

Na kweli alikwenda. Alivuka daraja na jua la saa saba, mtu wa umri wake, akarudi alasiri kanzu imemganda mgongoni. Samiha alimwona kwa dirisha, akajua kabla hajapanda.

"Amekataa," alisema Bwana Hamdun. "Amesema mwanamke mmoja wa Kisauni akijua, kufikia magharibi watajua hata maiti. Nisamehe, ndivyo alivyosema."

Samiha alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Kila aliyempita, Samiha sasa alijua jambo la nyumba yake ambalo mwenyewe hakulijua. Alijua pia mambo mengine. Bi Mwanasaumu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amemnong'oneza kwamba anataka kuuza nyumba yake ya Jomvu Kuu bila mume wake kujua, apate pa kukimbilia siku mambo yakizidi. Kulikuwa na bibi mwengine aliyeficha hati ya nyumba ndani ya mto wa kulalia, na mwengine aliyeandikiwa nyumba na mume wa watu. Wote walimwambia yeye, na walimwambia kwa sababu ameapa. Akiifungua siri moja, hata iwe ya tajiri asiyempenda, ya Bi Mwanasaumu itakuwa na kufuli gani? Alilipindua swali hilo kila upande, akakuta kila upande una ukuta.

Bi Kuluthum alikuwa uani, ametandika mkeka mpya, na uso wake ulikuwa wa mtu wa siku ya Idi.

"Ndoo, mwanangu, ndoo ukae hapa. Kulikuwa na mgeni wa Jomvu, ameondoka sasa hivi. Nimeuza minazi ya mama."

"Minazi yote?"

"Yote. Huyo mgeni, mpwa wa Mzee Ishaka wa kule, ndiye aliyeinunua. Kesho kutwa mawe yaanza kuteremka. Fundi nimeshasema naye." Alimshika Samiha kidevu. "Mbona hivyo? Waililia minazi? Minazi haina mtu wa kuipanda tena. Nyumba utakaa wewe na wanao."

Hiyo ndiyo minazi ambayo mama wa Bi Kuluthum aliipanda kwa mikono yake. Ardhi chini yake ilikuwa ya watu wengine, lakini miti ilikuwa yake, na Bi Kuluthum hakupata kuigusa hata mwaka wa njaa.

"Shangazi, si tungengoja kidogo? Mvua hazijaisha. Msingi utajaa maji."

"Fundi asema ardhi ikiwa laini huchimbika."

"Au tungoje mambo ya serikali yatulie. Watu wanasema..."

"Watu wasema tangu nizaliwe. Serikali ya Sultani, ya Mzungu, ya Mwafrika, zote zitataka watu wakae ndani ya nyumba."

"Basi mrudishie yule bwana fedha zake. Nakuomba, shangazi. Wiki chache tu."

Bi Kuluthum aliacha kucheka.

"Wanionea choyo wewe?"

"Wallahi sikuonei."

"Basi usinivunje moyo siku ya furaha yangu. Nenda kaoge, tule."

Alioga. Alimwaga maji juu ya kichwa chake ndani ya choo cha makuti, na nje alimsikia shangazi yake akimweleza Bi Mwanasaumu, kutoka upande wa pili wa ukuta, jinsi madirisha yatakavyokuwa.

Mawe yaliteremka. Mkokoteni ulikuja ukarudi, na rundo likapanda mbele ya nyumba mpaka likaziba njia ya mlango wa uani. Watu walipita wakamwombea Bi Kuluthum baraka. Ofisini, Samiha alikaa meza moja na Nguma, na Nguma alikuwa na ramani ya kipande kile. Samiha alipoiona mara ya kwanza, Nguma aliikunja haraka.

"Siku hizi nachora kwa mgongo, kama yule dalali," alisema, akijaribu mzaha. Kisha akasema polepole, "Nilipima jana. Shangazi yako alinipa chai. Aliniuliza kama napima barabara mpya. Nikamwambia ndiyo."

"Ulimdanganya?"

"Ulitaka nimwambie?"

Nguma alikunywa maji, akatoka nje, na siku ile hakusema mzaha mwengine.

Siku ya msingi ilikuwa Alhamisi. Katika ukoo wao nyumba haikuanza hivi hivi. Mtaro ulichimbwa, mwalimu akasoma dua, ubani ukafukizwa pembe zote, na kabla ya jiwe la kwanza kutiwa, msichana atakayeirithi nyumba alitembea ukingoni mwa mtaro akinyunyiza marashi ndani yake. Bila hivyo fundi hakugusa jiwe, na hakuna jamaa aliyekubali kula chakula cha siku hiyo. Mama wa Bi Kuluthum alinyunyiza kwa nyumba ya mamake. Bi Kuluthum alinyunyiza kwa hii ya udongo. Sasa ilikuwa zamu ya Samiha.

Alikuwa ameweka tumaini lake lote mahali pamoja: kwamba Bwana Barakat atatia saini kabla ya Alhamisi, notisi zitoke, na kila mtu ajue kwa njia ya halali. Jumatano aliwahi ofisini mbele ya wote. Alimtazama Bwana Hamdun. Bwana Hamdun alitikisa kichwa. Bado.

Wanawake walijaa uani na leso zao mpya. Mwalimu alimaliza dua akaondoka na wanaume kwenda kunywa kahawa upande wa barabara. Fundi na vibarua wake walisimama kando na mwiko na chokaa iliyokorogwa. Bi Kuluthum, amevaa kanga ambayo haikuwa imeguswa maji, alimtia Samiha mkononi mrashi wa fedha.

"Bismillahi, mwanangu."

Samiha alisimama ukingoni. Mtaro ulikuwa umechimbwa vizuri, kuta zake zimenyooka, na chini udongo mwekundu ulikuwa na unyevu. Alitazama mwanzo wake na mwisho wake. Angenyunyiza, fundi angeinama, na jiwe la kwanza lingekaa. Halafu la pili. Kila jiwe lingekuwa mnazi mmoja. Na mwezi ujao karatasi ingekuja, na shangazi yake angesimama mbele ya ukuta unaofika kifuani akiuliza namna ya kuubeba.

Mkono wake haukuinuka.

"Samiha," alisema Bi Kuluthum kwa upole.

Wanawake wakaanza kutazamana. Bi Mwanasaumu, ambaye alikuwa na moyo mzuri na sauti kubwa, akamsaidia.

"Huenda yeo hasali," alisema. "Si neno. Mpeni Dhahabu, bintiye Sheikha, anyunyize badala yake. Mtoto huona haya kusema mbele za watu."

Kukawa na mguno wa kuridhika. Bila shaka, ndiyo sababu. Msichana aliye mwezini hashiki marashi ya msingi, na ni adabu yake kunyamaza. Dhahabu alikuwa tayari anasogea, mkono mbele, akitabasamu. Samiha angeweza kumpa. Angempa, angerudi nyuma kichwa chini, na hakuna ambaye angemlaumu duniani.

"Nasali, Bi Mwanasaumu," alisema. "Asubuhi nimesali."

Dhahabu alisimama.

"Basi ni nini?" aliuliza Bi Kuluthum.

"Siwezi kunyunyiza, shangazi. Na asinyunyize mwengine."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

Ubani ulikuwa bado unafuka pembeni. Mtu mmoja nyuma alisema husuda, na mwengine akamnyamazisha. Bi Kuluthum hakuwasikia. Alimtazama Samiha usoni, akautazama ule mrashi, kisha akatazama chini, akautazama udongo aliosimama juu yake. Aliutazama kama mtu anayeuona mara ya kwanza. Alijua Samiha anafanya kazi kwa nani. Alijua kazi ile ni ya nini. Na kijana yule wa chai, mwenye mkanda wa kupimia, aliyesema barabara.

Alinyoosha mkono, akauchukua mrashi, akaufunika kwa ncha ya kanga.

"Fundi," alisema. "Fukia."

"Nifukie nini, mama?"

"Mtaro. Fukia. Chakula kipo, watu wale wende zao."

Hakuna aliyekula. Kufikia alasiri hapakuwa na nyumba kwenye kipande kile ambayo haikujua, na asubuhi yake wenye nyumba walikuwa mlangoni kwa Bwana Barakat, wanawake kwa wanaume, wakiuliza swali moja.

Bwana Hamdun alimwita chumba cha ndani. Alikuwa amezeeka ndani ya siku mbili.

"Bwana Barakat alikuwa hapa. Nilikuwa sijapata kutukanwa kwa lugha nzuri namna ile. Anaendelea kuuza, lakini mnunuzi amesita, na mimi ndiye niliyevuja." Alivua miwani. "Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Najua. Nimewauliza waliokuwapo, wote wanasema neno moja. Ulikataa kunyunyiza marashi." Alipanga kalamu zake juu ya meza. "Hakuna kanuni ya chama inayomlazimisha mtu kunyunyiza marashi. Jumamosi wanakutana. Nikilieleza hivyo, na wewe ukalieleza hivyo hivyo, hawana la kukushika. Utabaki."

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Samiha aliutazama. Akilini alimwona yule mwanachama aliyesema habari za sokoni. Alimwona Bi Mwanasaumu na nyumba yake ya Jomvu Kuu.

"Yule dalali wa ufa," alisema. "Yeye hakusema neno."

Bwana Hamdun alifumba macho.

"Kama yeye alisema uongo kwa mgongo," alisema Samiha, "mimi nilitoa siri kwa mkono. Nilipousimamisha nilitaka shangazi ajue. Eleza hivyo."

"Ungekuwa mjinga kidogo ningekuokoa."

"Ndiyo, Bwana Hamdun."

"Na usifikiri nimekuona umekosea tu. Kama angekuwa shangazi yangu..." Hakumaliza. Alivaa miwani. "Jina la mnunuzi bado unalo."

"Ninalo."

"Kutoka kwako ofisini hakulitoi."

"Najua."

Alishuka ngazi. Nguma alikuwa chini, ameegemea baiskeli. Alitaka kusema kitu, akaishia kusema, "Mungu akupe subira, dada." Samiha aliitikia, akashika njia.

Alipokaribia nyumbani alisikia sauti za wanawake uani, nyingi kwa pamoja. Walikuwa wameketi juu ya yale mawe, kila mmoja na jiwe lake kama kiti. Bi Sheikha alikuwa akisema kwamba kama kipande kinauzwa, basi kinauzwa kwa yeyote, na wao ni watu pia. Wachange, wakinunue wenyewe. Samiha alipotokeza, neno lilikatika katikati. Bi Mwanasaumu aligeuza uso.

"Asalaam alaykum," alisema Samiha.

"Waalaykum salaam," walijibu, wote, kwa adabu kamili. Kisha wakangoja.

Bi Kuluthum aliinuka.

"Samiha, hapa tuna maneno yetu. Ingia ndani kwanza."

Aliingia. Chumba kilikuwa na giza la mchana, lile la nyumba za udongo. Aliketi kitandani bila kuvua buibui. Nje walianza tena, chini chini, na hata alipotega sikio hakupata ila sauti bila maneno. Alijua hawakuwa na kosa. Walikuwa na jambo la kuficha, na yeye alikuwa mtu wa ofisi ya dalali wa Barakat.

Baadaye Bi Kuluthum alikuja. Hakuketi.

"Nilipouza minazi wewe wajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku ngapi?"

"Siku ile ile. Nilikuwa nimetoka kujua."

Bi Kuluthum alivuta pumzi kwa pua. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo Samiha aliliona gumu kuliko matusi.

"Twataka kumwandikia huyo mnunuzi. Tumwambie kuna watu hapa, awaone kabla hajanunua. Barakat hatwambii ni nani. Nambie ina lake, basi. Ina tu. Mengine sikudai."

Samiha aliufungua mdomo. Jina lilikuwa pale, fupi, rahisi, jina ambalo lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Kazi alikuwa hana. Chama, kwake, kilikuwa kimekwisha. Hapakuwa na mtu wa kumwadhibu tena.

Aliufunga. Alitikisa kichwa, na machozi yakamtoka bila sauti.

Bi Kuluthum alijifunga leso yake vizuri kichwani.

"Chai imo birikani," alisema. "Kunywa kabla haijapoa."

Akatoka, akarudisha mlango nyuma yake. Samiha akamsikia akiwaambia wenzake, "Hatupi ina. Haya, twendeleeni."